Tarehe ya Kuepukana kwa Vyombo, Baharini na Angani

Pahali paitwapo Kasomeno, kaskazini mashariki ya Lubumbashi, njia hugawanyika mbili: moja hushuka Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, na ya pili hushika upande wa Kilwa ya Katanga na Pweto, kandokando ya ziwa Mweru. Katika zama za Wabelgiji, Wagiriki waliofanya makao Kasenga walinunua samaki wa mto na wa ziwa, wakawapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuwa kitoweo cha wachimbaji wa shaba wa Union Minière. Na siku hizi njia hiyo inatazamiwa kubeba shaba yenyewe, ivuke Luapula kwa daraja hata Zambia, na kutoka huko hata bandari ya Dar es Salaam. Juu ya vichwa vya wapitao hao, katika kimo ambacho jicho huambulia mstari mweupe tu, ndege zitokazo Lubumbashi kwenda Nairobi na Addis Ababa, na zile za safari ndefu ziunganishazo kusini ya Afrika na Ulaya, hukata anga ya Katanga mchana na usiku. Basi msafiri aliyesimama katika njia panda hiyo yu karibu na mapito matatu kwa mara moja, ya nchi kavu, ya maji na ya anga, na yote matatu yana suala moja lililowashughulisha walimwengu kwa muda wa karibu karne mbili: vyombo viwili vinapoelekeana, kila kimoja na kiongozi wake na haraka yake, vitaepukana kwa njia gani?

Jawabu ambalo wengi wangelitoa upesi ni kwamba vitaepukana kwa kuonana. Tarehe ya kadhia hii inashuhudia kuwa jawabu hilo ni nusu ya kweli, na kuwa nusu hiyo, ilipotegemewa peke yake, iligharimu roho nyingi. Watu wawili wakutanao katika ujia mwembamba huonana vizuri kabisa, na bado hupigana vikumbo, kwa sababu kila mmoja amempisha mwenziwe kwa upande ule ule ambao mwenziwe amempisha yeye. Kinachowaokoa si macho. Ni mapatano yaliyotangulia kukutana kwao. Wataalamu wa merikebu na wa ndege walitumia fedha, akili na miaka mingi wakitafuta jicho kali zaidi, na kila walipolipata walirudishwa na msiba kwenye funzo lile lile: kwamba jicho bila ya ahadi halitoshi.

Zamani za tanga, pepo zenyewe zilikuwa sheria. Majahazi ya pwani ya Afrika ya mashariki yalikwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na kwa kuwa kila msimu uliyavumisha yote upande mmoja, vyombo vilivyokuwa katika bahari kuu kwa wakati mmoja aghalabu vilifuatana kuliko kuelekeana. Manahodha walijua pia, kwa ada iliyorithiwa, nani ampishe nani, kwa kutazama upepo uliingia tanga la kila mmoja kwa upande upi. Merikebu ya moshi ilivunja utaratibu huo. Haikungoja msimu wala haikuinamia upepo. Ilikwenda itakako, usiku na mchana, kwa mwendo ambao haukujulikana zamani, na katika mito na milango ya bandari za Uingereza ilianza kukutana uso kwa uso na merikebu nyingine za moshi ambazo nazo hazikuwa na sababu yoyote ya kuchagua kuume au kushoto.

Mwaka 1840 chama cha Trinity House cha London, kilichokuwa kikisimamia minara ya taa na marubani wa bandari, kilitoa kanuni iliyoamuru kwamba merikebu mbili za moshi zikielekeana, kila moja ipite ikiwa imeiacha nyingine mkono wake wa kushoto. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza likaitia kanuni hiyo katika sheria, na mwaka 1848 wakuu wa manowari wakaongeza amri ya taa: taa nyeupe juu ya mlingoti, taa nyekundu ubavu wa kushoto, na taa ya kijani ubavu wa kuume. Yafaa kuitazama amri hiyo kwa karibu, maana imedumu hata leo baharini na katika mabawa ya kila ndege. Taa za ubavuni zimefunikwa kwa mbao kiasi kwamba kila moja huonekana upande wake tu na mbele. Mlinzi aliyesimama omoni usiku wa giza, akiona nyekundu na kijani pamoja, anajua kwamba chombo kile kinamjia usoni. Akiona nyekundu peke yake, anajua kuwa anatazama ubavu wa kushoto wa chombo kinachokatiza mbele yake. Na akiona kijani peke yake, anatazama ubavu wa kuume. Bila ya kusema neno, bila ya kujua lugha ya wale walio ng'ambo ya pili, amekwisha kuambiwa wanaelekea wapi. Taa zile, basi, hazikuwekwa ili merikebu ionekane tu. Ziliwekwa ili merikebu itamke nia yake.

Kwa kuwa taa husema mwelekeo wala hazisemi umbali, manahodha walikuwa na hesabu nyingine isiyohitaji ala yoyote ila utulivu wa jicho. Baharia alisimama pahali pamoja juu ya sitaha, akailinganisha taa ya mgeni na kamba ya mlingoti au na nguzo yoyote ya chombo chake, kisha akangoja huku chombo kikishika mwendo na njia ile ile. Taa ikisogea mbele ya kamba au nyuma yake, vyombo vitapitana salama. Taa ikibaki pale pale juu ya kamba huku ikizidi kung'aa, basi vyombo viwili hivyo vinakwenda kukutana katika nukta moja, hata kama kwa wakati huo viko mbalimbali na bahari yote yaonekana pana. Kanuni hii ya uelekeo usiobadilika ndiyo msingi wa ilimu yote iliyofuata, na imeandikwa katika sheria za bahari zinazotumika leo kuwa ni dalili ya hatari ambayo nahodha hana ruhusa ya kuipuuza.

Mwaka 1863 Waingereza na Wafaransa walitangaza kanuni za namna moja, na kabla ya mwaka uliofuata kwisha zaidi ya mataifa thelathini yenye merikebu yalikuwa yamezikubali. Thomas Gray, aliyekuwa afisa wa idara ya bahari katika wizara ya biashara ya Uingereza, alitambua kwamba sheria iliyo katika kitabu haimfai mshika usukani aliye gizani, akazitia kanuni hizo katika beti fupi mwaka 1867 ili mabaharia wazihifadhi kwa moyo. Hilo ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na tenzi na mashairi ya mafunzo, hatahitaji kuelezwa hekima yake. Mkutano wa Washington wa mwaka 1889 ulizipanua kanuni hizo, na tarehe 23 Septemba 1910, mjini Brussels, mataifa yakatia sahihi mkataba uliosema nani alipe na alipe kiasi gani merikebu zinapogongana.

Lakini adui mmoja aliyashinda hayo yote, naye ni ukungu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 1914, katika mto Saint Lawrence wa Kanada, merikebu ya abiria Empress of Ireland na merikebu ya makaa Storstad ya Norway zilionana taa zake vizuri kabla ya ukungu kushuka baina yao. Na ukungu ulipokwisha kufunika, kila upande uliendelea kwa dhana ya jambo ambalo mwenziwe alikuwa akilifanya. Dhana hizo hazikulingana. Empress of Ireland ilipigwa ubavuni, ikazama kwa muda wa robo saa tu, na watu 1,012 wakafa. Palikuwa na taa, palikuwa na honi za ukungu, palikuwa na kanuni. Kilichokosekana ni namna ya kujua, ndani ya ukungu, kama mwenzako bado anafanya ulichomwona akifanya dakika tano zilizopita.

Hapo ndipo wavumbuzi walipoingia. Kijana wa Kijerumani, Christian Hülsmeyer, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa amekwisha kutangulia miaka kumi kabla ya msiba huo. Mwezi wa Mei 1904, mjini Köln, alionyesha mbele ya watu ala aliyoiita Telemobiloskop, iliyopeleka mawimbi ya umeme juu ya mto Rhine, na mawimbi hayo yakipiga merikebu yalirudi na kupiga kengele. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia chuma kilicho mbali kutambulikana kwa mwangwi wa mawimbi hayo. Wenye merikebu hawakuinunua, wakuu wa manowari za Ujerumani hawakuitaka, na dunia ikaisahau. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Mwingereza Lewis Richardson aliomba hati za uvumbuzi wa kutambua vizuizi kwa mwangwi wa sauti hewani na chini ya maji. Na mwezi wa Aprili 1914 Reginald Fessenden alifaulu kusikia mwangwi wa mlima wa barafu kaskazini ya bahari ya Atlantiki, kwa umbali wa kilomita tatu hivi. Mwaka 1935 merikebu kubwa ya Ufaransa, Normandie, iliwekewa ala ya mawimbi mafupi ya kutambua vizuizi, na mwaka huo huo, tarehe 26 Februari, Robert Watson-Watt na msaidizi wake waliitambua ndege iliyokuwa ikiruka karibu na Daventry, Uingereza, kwa mwangwi wa mawimbi ya redio. Vita ya pili ya dunia ikaikuza ala hiyo kwa haraka isiyopata kuonekana, na amani iliporudi, rada ikashuka kutoka manowari ikaingia katika merikebu za biashara. Watu wengi wakaamini kwamba ukungu umekwisha kushindwa.

Angani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa yaliishia mlango mmoja. Mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville na mji ukaanza kujengwa, watu waliokusanyika Milano kutazama mashindano ya ndege waliona jambo ambalo halijapata kutokea: tarehe 3 Oktoba ndege ya Mfaransa René Thomas iliiangukia kwa nyuma ndege ya Kapteni Bertram Dickson wa jeshi la Uingereza. Wote wawili waliokoka, lakini Dickson aliumia hata hakuruka tena. Anga nzima ilikuwa yao, na bado walikutana, kwa maana wanadamu hawaendi popote tu angani. Huenda panapowavuta, kwenye viwanja, miji na njia zinazojulikana.

Mkataba wa Paris wa tarehe 13 Oktoba 1919 uliipa anga sheria yake ya kwanza ya mataifa, na waandishi wake hawakuona haya kukopa kutoka kwa mabaharia. Nyekundu ikawekwa kushoto na kijani kuume. Ndege mbili zikielekeana, kila moja igeuke kuume. Na ndege ikiiona nyingine upande wake wa kuume, ndiyo ipishe. Hata hivyo tarehe 7 Aprili 1922, katika jimbo la Picardie kaskazini ya Ufaransa, ndege ya abiria iliyotoka Paris na ndege ya barua iliyotoka Croydon ziligongana katika hewa yenye ukungu, na watu saba wakafa. Katika siku hizo marubani wa njia hiyo walizoea kushika alama za chini ili wasipotee, na alama iliyomwongoza huyu kwenda ndiyo iliyomwongoza yule kuja. Baada ya msiba huo wenye ndege walikutana Croydon, wakapatana kuhusu njia za kufuata na upande wa kushika.

Wakati huo anga ya Kongo ilikuwa tupu. Ndege za maji za shirika lililobeba jina la Mfalme Albert zilianza kufuata mto Kongo kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1920, na mwaka 1925 Edmond Thieffry alitumia siku 51 kutoka Brussels hadi Léopoldville. Katika upweke huo mkubwa hapakuwa na wa kupishwa. Hatari ilikuwa mvua, msitu na injini. Tabia ya kudhani kuwa anga ya Afrika ni pana mno hata haihitaji ulinzi ilizaliwa katika miaka hiyo, na ilidumu muda mrefu kupita haki yake.

Mwaka 1956 dunia ilipewa somo mara mbili kwa muda wa mwezi mmoja. Tarehe 30 Juni, juu ya bonde kuu la Grand Canyon huko Marekani, ndege mbili za abiria, moja ya TWA na nyingine ya United, ziligongana katika kimo cha futi 21,000, na watu wote 128 wakafa. Zilikuwa katika anga isiyosimamiwa na mwongoza ndege yeyote, na kinga yake pekee ilikuwa kanuni ya kuona na kuonekana. Tarehe 25 Julai, usiku, katika ukungu wa karibu na Nantucket, merikebu Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden ziligongana, wakafa watu 51. Hizi hazikukosa jicho. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilikuwa imeiona nyingine katika kioo kwa muda wa kutosha kufanya lolote lililohitajika. Lakini nukta katika kioo cha rada haina taa nyekundu wala ya kijani. Haisemi inaelekea wapi mpaka mtu aichore kwenye karatasi, dakika baada ya dakika, na kuhesabu. Andrea Doria ilidhani kuwa watapitana kuumeni, ikageuka kushoto; Stockholm ilidhani kuwa watapitana kushotoni, ikageuka kuume; na kila mgeuko uliokusudiwa kuleta salama ulizidi kuwakaribisha.

Mwenye kutaka kuelewa kiini cha kadhia hii na aiweke misiba hiyo miwili pamoja. Wa angani ulitokea kwa sababu vyombo havikuonana. Wa baharini ulitokea vyombo vikiwa vimeonana. Kama uchunguzi ungaliishia kwenye ule wa kwanza, jawabu lingalikuwa ni kununua rada zaidi, basi. Ule wa pili ulilazimisha swali la ndani zaidi: ukikwisha kumwona mwenzako, utajuaje atakalofanya, naye atajuaje utakalofanya wewe? Kanuni za bahari za mwaka 1960 ziliongeza maelezo juu ya matumizi ya rada, na kanuni za mwaka 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, zikayatia katika mwili wa sheria: nahodha asiamue kwa habari haba, hasa habari haba za rada, na katika ukungu asigeuke kushoto kwa ajili ya chombo kilicho mbele yake, isipokuwa akiwa anakipita akitokea nyuma yake.

Kwa upande wa ndege, John S. Morrel, mtaalamu wa fizikia wa shirika la Bendix, aliiendeleza kanuni ya kale ya mabaharia kwa hesabu. Alisema kuwa kipimo cha hatari si umbali baina ya ndege mbili, bali ni wakati: uchukue umbali huo, uugawe kwa kasi ambayo umbali unapungua, utapata sekunde zilizobaki kabla ya kukutana. Maana yake yaonekana kwa mfano mmoja. Ndege mbili za siku hizi, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, zikielekeana hukaribiana kwa mita 500 kila sekunde. Zikiwa kilomita 10 mbalimbali, umbali ambao mtu aliye chini angeuona mkubwa, zimebakiwa na sekunde 20. Katika sekunde hizo rubani hana budi kuiona nukta, kuitambua, kukata shauri, kusukuma usukani, na kungoja chombo kizito kiitike. Jicho la mwanadamu, hata likiwa zima na katika hewa safi, si mlinzi wa kutegemewa kwa mwendo huo.

Miaka ya mwisho ya 1950 wahandisi walijaribu kutengeneza ala ambayo ingeiwezesha ndege kuitambua nyingine bila ya msaada wa hiyo nyingine. Majaribio hayo hayakufaulu. Kilichofaulu, baada ya kazi ya miaka zaidi ya ishirini, ni ala inayouliza na kujibiwa: kila ndege hubeba chombo ambacho, kikiulizwa kwa wimbi la redio, hutaja kimo chake, na ala ya muulizaji hupima umbali, huhesabu sekunde, na ikiona hatari humwamuru rubani kupanda au kushuka. Zaidi ya hayo, ala mbili zinazoelekeana hupatana zenyewe kwa zenyewe, hii ikichagua juu, ile hushika chini. Utafiti mrefu uliishia hapo walipoanzia Trinity House, kwamba usalama wa mmoja hauwezi kujengwa bila ya ushirika wa mwenziwe. Mgongano wa San Diego mwaka 1978, uliowaua watu 144, na wa Cerritos mwaka 1986, uliowaua 82, ililihimiza Bunge la Marekani kuilazimisha ala hiyo kwa sheria ya mwaka 1987. Na shirika la kimataifa la usafiri wa anga likaidai duniani kote kwa ndege kubwa za abiria kuanzia Januari 2003.

Hata ala hiyo ilihitaji ahadi juu yake. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege ya Urusi iliyobeba watoto wengi wa shule na ndege ya mizigo ziliamriwa na ala zake, moja ipande na nyingine ishuke, kama ipasavyo. Lakini mwongoza ndege aliye chini, asiyejua kilichosemwa na ala, alikwisha kuiambia ndege ya abiria ishuke. Rubani wake akatii sauti ya mtu. Wa ndege ya mizigo akatii sauti ya ala. Zote mbili zikashuka, na watu 71 wakafa. Ndipo mataifa yalipobainisha lililokuwa na utata: ala ikiamuru, ala itiiwe, hata kama mwongoza ndege amesema vingine.

Na Katanga je? Anga yetu ina kumbukumbu yake nzito, ingawa si ya mgongano uliothibitika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akisafiri kutoka Léopoldville kwenda Ndola kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Kwa kuhofia ndege ya vita ya Katanga, marubani wake walizunguka mbali upande wa ziwa Tanganyika na kunyamaza redio kwa sehemu kubwa ya njia, kisha ndege ikaanguka msituni karibu na Ndola, na wote 16 waliokuwamo wakafa, mmoja wao baada ya siku chache. Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuipitia kadhia hiyo upya tangu mwaka 2015, hakuliondoa shauri kwamba huenda palikuwa na ndege nyingine iliyohusika. Msiba huo wakumbusha jambo moja lililo dhahiri: katika vita, salama ni kufichika, katika amani, salama ni kujulikana, na nchi iliyoishi vitani miaka mingi hukawia kujenga mazoea ya amani hata angani.

Tarehe 13 Septemba 1997, nje ya pwani ya Namibia, ndege ya jeshi la Ujerumani na ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani ziligongana katika kimo cha futi 35,000, wakafa watu wote 33. Hakuna kati yake iliyokuwa na ala ya kuepusha mgongano, na katika sehemu ile ya bara hapakuwa na rada ya kuwaonya. Msiba huo ulithibitisha malalamiko ambayo marubani walikuwa wakiyatoa juu ya anga ya Afrika, Kongo ikiwamo, na ukaipa nguvu ada ambayo hata leo ni wajibu katika sehemu kubwa ya bara hili. Rubani anayeingia katika anga kama ya Kinshasa huweka redio yake kwenye masafa ya 126.9, husikiliza, na kwa nyakati maalumu hutangaza kwa wote: jina la safari yake, kimo chake, njia anayoifuata, na saa atakayofika kituo kinachofuata. Hamsemeshi mwongoza ndege; anawasemesha marubani wenziwe asiowaona wala kuwajua. Anayemsikia na kuona kwamba watakutana hujibu, nao hupatana baina yao. Hiyo ni ada ya ubaharia katika kimo cha kilomita kumi, nayo umuhimu wake ulizidi tangu tarehe 25 Septemba 2008, nafasi baina ya ndege katika vimo vya juu vya Afrika ilipopunguzwa kutoka futi 2,000 hadi 1,000.

Lakini ada njema haiwi badala ya mamlaka yenye zana. Mwaka 2015, upande wa Senegal, ndege ndogo ya wagonjwa iligongana na ndege ya abiria, wakapotea watu saba wa ile ndogo. Uchunguzi ulieleza kuwa vipima kimo vyake vilikuwa na hitilafu, maana yake ilikuwa ikitaja kimo ambacho haikuwamo. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya mbuga ya Nairobi, ndege ndogo ya shule ya urubani na ndege ya abiria ziligongana muda mfupi baada ya ile ya abiria kuruka, wakafa wawili wa ile ndogo. Na Nairobi si jangwa, ina mnara na waongoza ndege. Ahadi huvunjwa na chombo kibovu sawasawa na mtu mzembe.

Na katika maji yetu hali ni duni zaidi. Sheria ya taa nyekundu na kijani ina umri wa zaidi ya miaka 170. Ni rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa, na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo katika mto Kongo na katika maziwa yetu mitumbwi na maboti yaliyojazwa watu na magunia husafiri usiku bila ya taa yoyote, na kila baada ya msiba serikali hukataza safari za usiku, kisha katazo husahauliwa, kwa maana mfanyabiashara ana soko la kuwahi na abiria hana chombo kingine. Katazo lisilotoa njia badala halidumu. Linalodumu ni lile lililodumu kwingine: taa mbili, moja kila ubavu, kanuni moja ya kupishana inayofundishwa kwa beti au kwa hadithi mpaka mtoto wa mvuvi aijue, na mkaguzi wa bandari anayekizuia chombo kisicho na taa bila ya kupokea kitu mkononi.

Kwa hiyo rai ya mwandishi huyu kwa wenye mamlaka wa Kinshasa, wa Lubumbashi na wa mataifa jirani tunayoshirikiana nayo Luapula, Mweru na Tanganyika ni hii. Anga ya Kongo na iwekewe macho yanayostahili ukubwa wake, ili marubani wasiachiwe peke yao mzigo wa kulindana. Na kabla ya hayo, kwa kuwa hayahitaji mabilioni, kila boti litokalo Kasenga, Kilwa, Pweto, Moba na Kalemie baada ya jua kuchwa lisiruhusiwe kung'oa nanga bila ya taa zake. Na kwako wewe msomaji, unayepanda chombo hicho na jamaa zako: kabla ya kulipa nauli, uliza taa ziko wapi, na kama hazipo, usipande.